Je, kamera mpya itaziboresha picha zangu? Jibu kwa mpiga picha wa Ujiji

Swali:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti, napiga picha za harusi na mahafali hapa Ujiji, na huu ni mwaka wangu wa nne katika kazi hii. Natumia Canon 600D niliyoinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na lenzi yake ya 18-55. Wenzangu wawili wa kiume wa pale Mwanga, hapahapa Kigoma, wamenunua kamera mpya za kisasa, zile zisizo na kioo ndani, na wateja wameanza kuniuliza kamera yangu ni ya aina gani kabla hata ya kuniuliza bei. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kiko tayari kunipa mkopo. Je, niuchukue ninunue kamera mpya ili picha zangu ziwe bora?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nimezitazama kwa utulivu picha ishirini ulizoniletea pamoja nalo. Naanza na jibu lenyewe ili usikae ukisubiri: mkopo huo usiuchukue kwa sasa. Kamera mpya si mbaya, na mimi si mtu wa kuchukia vitu vipya. Ila kasoro nilizoziona katika picha zako hazitokani na kamera, na kamera yoyote utakayoinunua itazichukua kasoro hizo kama zilivyo na kuzionyesha kwa uangavu zaidi.

Katika picha kumi na nne kati ya hizo ishirini, bibi harusi amesimama katikati kabisa, umempiga ukiwa wima, flashi ikimwelekea usoni moja kwa moja, na nyuma yake kuna pazia lilelile la ukumbi. Katika mojawapo nguzo imeota juu ya kichwa cha mshenga. Nyuso ziko wazi, kope zinahesabika, hina inaonekana vizuri mikononi. Ukitazama ufundi peke yake hakuna cha kulalamikia. Lakini nilipozifunika na kujiuliza ni ipi imebaki kichwani mwangu, niliikumbuka moja tu, ile ya shangazi aliyeketi kwenye jamvi akikunja khanga za zawadi huku uso ameugeuzia mlangoni, kama mtu aliyesikia hatua za anayemngoja. Hiyo nayo uliipiga kwa kamera ileile, siku ileile. Nataka ujue ulifanya nini pale.

Kwanza tuimalize hesabu ya kamera, kwa maana ni fupi. Canon 600D ilitoka mwaka 2011 ikiwa na megapikseli 18, yaani pikseli 5184 kwa 3456. Ukiichapa picha yake kwa kipimo cha pikseli 300 kwa inchi, ambacho hutumika kwa albamu nzuri, unapata karatasi ya takriban sentimita 44 kwa 29, karibu sawa na A3. Wateja wako wengi huzitazama picha kwenye simu, na kioo cha simu chenye pikseli 1080 kwa 2400 hakifikii hata megapikseli tatu. Nikon D1, kamera ya dijitali iliyotengenezwa mwaka 1999 kwa ajili ya wapiga picha wa habari, ilikuwa na megapikseli 2.7, na ilifanya kazi za magazeti bila aibu. Uwezo wa kamera ulikwisha kulipita hitaji la kazi yako kabla wewe hujaianza.

Sasa tuingie kwenye kiini. Kamera hupima, lakini haiamui. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake kimejengwa juu ya dhana kwamba vyote vilivyo mbele ya lenzi, vikichanganywa pamoja, hutoa rangi ya kijivu cha wastani. Bibi harusi mwenye shela jeupe akiijaza fremu, kamera hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na ule uso mweusi mzuri uliokuja kuupiga hugeuka kivuli. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akisimama mbele ya ukuta wa rangi iliyokolea, kamera hudhani mwanga ni haba, huuongeza, na paji la uso wake huungua. Katika mahali hapo pote ni wewe tu unayejua kwamba picha ni ya uso, na kwamba afadhali shela lipoteze mikunjo michache kuliko macho ya mwenye shela yapotee. Kamera za sasa huutambua uso na kuupa kipaumbele, na huo ni msaada wa kweli. Lakini haziwezi kujua kama leo unataka uso wote ung'ae au nusu yake ibaki gizani kwa sababu mama huyu ametoka kuagana na mwanawe.

Tena usidhani kwamba mashine haina upande. Kwa miaka mingi maabara za kusafishia picha za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke Mzungu, na kadi hizo zikaja kuitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa kampuni ya filamu ya Kodak aliyepigwa picha kwenye kadi za mwanzo. Ngozi nyeusi ilipotoka kama doa lisilo na umbo, ilionekana kwamba tatizo ni ngozi. Miongoni mwa waliosukuma filamu za Kodak ziboreshwe walikuwamo watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani picha zikitoka. Wapiga picha wa Afrika waliofanya kazi nzuri katika miaka hiyo waliifanya kwa kuukaidi mpango wa mashine: walimgeuza mteja, wakamsogeza, wakasubiri wingu lipite, wakaongeza mwanga pale ambapo kipimo kilisema umetosha.

Mmoja wao ni Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, na ningependa umjue vizuri kuliko unavyozijua kamera za hao wenzako. Hakwenda shule yoyote ya picha. Kamera yake ya kwanza ilikuwa Kodak Brownie, kisanduku rahisi alicholetewa na jamaa yake mwaka 1935 aliporudi kutoka Senegal. Mwaka 1948 alifungua studio nyumbani kwake, akawa anatumia kamera kubwa ya kusimamishwa kwenye stendi, yenye negativu za sentimita 13 kwa 18, chombo kizito na cha polepole hata kwa enzi zile. Negativu ziligharimu fedha, kwa hiyo mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Alipigia uani, kwa mwanga wa jua. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake, na kwa kuwa alibadilisha pazia kila baada ya miaka michache, baadaye aliweza kukadiria picha ni ya mwaka gani kwa kutazama kitambaa kilicho nyuma.

Zitazame picha hizo, zinapatikana kwa urahisi kwenye intaneti. Mwanamke aliyevaa gauni la maua amewekwa mbele ya kitambaa cha maua. Mtu yeyote aliyefundishwa kanuni za kawaida angekwambia ni kosa, kwamba nguo na pazia vitapigana. Keïta aliona jambo jingine: nakshi zikijaa kila mahali, jicho huzichoka upesi na kutafuta pa kutulia, na mahali palipobaki pa kutulia ni uso na mikono. Bega amelipeleka mbele kidogo, kidevu amekigeuza, saa ya mkononi ya mteja imewekwa mahali inapoonekana bila kujitangaza. Yote hayo yalikwisha kuamuliwa kabla hajabonyeza, na ilibidi iwe hivyo, maana hakuwa na picha ya pili ya kujaribia. Mwaka 1994 picha hizo zilifanyiwa maonyesho Paris, na watu waliozitazama hawakuwa wakitazama kamera. Sisi wa Kigoma tunaishi na vitenge kila siku, vingine vikivuka ziwa kutoka Congo, nasi bado tunawasimamisha akina mama waliovaa nakshi za ajabu mbele ya pazia la zambarau lisilo na neno la kusema.

Kuna pia Samuel Fosso, aliyefungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13. Filamu ikibakiwa na picha chache baada ya kazi za wateja, alifunga mlango akajipiga mwenyewe ili zisiharibike bure, nyingine akamtumia bibi yake aliyekuwa Nigeria. Leo kazi yake imo katika makumbusho makubwa ya sanaa duniani, nayo ilianzia kwenye mabaki ya mkanda.

Mimi nami jambo hili nililijua kwa mkanda uliokuwa ukiishia. Ilikuwa harusi hapohapo Ujiji, miaka ya mwisho ya filamu. Umeme ulikatika kabla ya bibi harusi kutolewa nje, betri za flashi zilikuwa zimekwisha, na katika mkanda wangu wa picha 36 zilibaki tano. Kwa kuwa ni mwanamke niliruhusiwa kuingia chumbani. Palikuwa na karabai moja iliyowekwa sakafuni, karibu na miguu ya kungwi, bibi kizee aliyekuwa akimnong'oneza mwari wake maneno sikioni. Nilikaa chini, nikaegemeza viwiko magotini ili mikono isitikisike, nikangoja mpaka kichwa cha yule bibi kikatulia, nikapiga moja. Picha ilitoka na chembechembe nyingi, pembe yote ya kulia giza tupu, na sikio la bibi harusi limefifia. Familia ilinilipa kwa ajili ya picha nyingine, zile kubwa za jukwaani. Lakini katika miaka iliyofuata walirudi mara tatu kutaka niwasafishie hiyo moja, mara ya tatu ikiwa ni baada ya bibi yule kufariki. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeipata endapo siku ile ningekuwa na picha mia nne za kupiga bila gharama. Nadhani ningebaki mlangoni nimesimama, nikibonyeza tu.

Ona basi ulicho nacho ambacho wale wenzako wawili hawawezi kukinunua. Chumba kile hawaingii. Hawamwoni bibi harusi akisukwa, akipakwa hina, akilishwa na mama yake mdogo kwa mkono kwa sababu hina haijakauka. Wewe unaingia, unakaribishwa chai, kisha unatoka kwenda kumngojea ukumbini ili umpige mbele ya pazia kama wanavyompiga wao! Shangazi na khanga zake alikuwa ndani ya chumba hicho. Hapo ulipunguza mwendo, uliketi chini kama yeye, ukaacha mwanga wa mlangoni ufanye kazi, na flashi hukuiwasha. Hayo ndiyo maamuzi yako manne, na hakuna hata moja lililomo katika orodha ya sifa za kamera.

Jambo la pili lililo lako ni mwanga wa mji huu, na hapa nitakaa kidogo, maana naona picha zako nyingi za ufukweni zimepigwa kwa saa za watu wengine. Kigoma iko mbali magharibi, kwenye longitudo ya takriban nyuzi 29.6 za mashariki, ilhali saa ya nchi nzima imepangwa kwa nyuzi 45. Kwa sababu hiyo jua letu huchomoza na kuzama takriban dakika 40 baada ya jua la Dar es Salaam, na hufika utosini karibu saa saba mchana badala ya saa sita. Anayefuata mafunzo ya video yaliyotengenezwa Dar es Salaam atawapanga maharusi ufukweni saa kumi na moja na nusu akiamini kwamba huo ndio mwanga laini, kumbe jua bado ni kali na wote wanafinya macho. Wangoje mpaka saa kumi na mbili na robo, uwe umekwisha kuchagua pa kusimama, kwa kuwa baada ya hapo utakuwa na kama nusu saa ya mwanga usio na kifani.

Halafu jua letu huzama ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ya Congo. Jioni mtu akilipa ziwa mgongo, jua liko nyuma yake: ukingo wa mtandio unawaka, uso unabaki kivulini, nawe lazima uamue kama utaurudishia mwanga kwa kitambaa cheupe au utauacha uwe umbo jeusi. Akiligeukia ziwa, uso unapata mwanga wote, lakini nyuma yake zinaingia nyumba, nyavu na mitumbwi. Asubuhi mambo hugeuka. Vilima vilivyo nyuma ya mji hulichelewesha jua, ufuko wa Kibirizi hukaa katika kivuli laini kwa muda huku maji ya mbali yameshaanza kung'aa, na huo ndio wakati wa kumpiga mama anayeanika dagaa. Ukimpiga saa saba, dagaa watameremeta kama vipande vya bati na uso wake utakuwa shimo. Wakati wa kiangazi moshi na vumbi huificha milima ya ng'ambo. Baada ya mvua kubwa hewa husafika, na milima husogea kana kwamba unaweza kuifikia kwa mtumbwi kabla ya chai. Mteja anayetaka milima hiyo kwenye picha yake mwambie mapema tarehe ipi inafaa. Hiyo ni elimu ya kulipiwa.

Kila anayekuja Kigoma na kamera humpiga Liemba kutoka pembe ileile, meli nzima, maji mbele. Ni chombo chenye historia: kilijengwa Ujerumani mwaka 1913, kikaunganishwa hapa, kikazamishwa mwaka 1916 na kuopolewa mwaka 1924. Picha ya meli nzima haisemi hata kimoja cha hayo. Katika safari zake, vijiji vingi visivyo na gati vilipeleka mitumbwi kuipokea katikati ya maji, na abiria walipanda kwa kushikwa mkono, mizigo ikirushwa juu, watoto wakipokezanwa. Mkono wa mtu wa melini ukiwa umeushika mkono wa mtu wa mtumbwini ungetosha, hata kwa simu ya bei nafuu, ili mradi mpiga picha awe amekaa upande ule wa meli na si kwenye kiti chake.

Sitakuficha mahali ambapo chombo kina uzito wake. Anayepiga sokwe wa Gombe chini ya miti minene, au mpira wa miguu jua likizama, atafika mahali jicho limekwisha kuona na kamera imeshindwa kushika. Hali kadhalika anayetaka kuwapiga wavuvi ndani ya mtumbwi, usiku wa giza, kwa mwanga wa taa zao peke yake. Kwa harusi, kamera mpya zina faida mbili ninazoziheshimu: nyingi hufokasi kwenye jicho zenyewe, zikikosea kwa nadra, na baadhi zina nafasi mbili za memori kadi, hivyo kadi moja ikiharibika ndoa ya watu haipotei. Kamera yako ina nafasi moja. Basi badilisha kadi katikati ya shughuli, na zihamishe picha usiku huohuo kabla hujalala. Siku utakapokuja ukiniambia, "Mwalimu, nataka kupiga jambo fulani, nimejaribu mara sita, na kinachonizuia ni hiki hapa," nitakusindikiza mwenyewe kwenye kikundi kuuombea mkopo huo.

Kwa sasa nunua kitu kimoja tu, lenzi ya 50 yenye tundu la 1.8, hata ikiwa imetumika. Bei yake ni sehemu ndogo ya ile ya kamera unayoifikiria. Lenzi yako ya sasa, ukiivuta mpaka 55, hufunguka mwisho 5.6, na kwa kuwa namba ikipungua tundu hukua, hii ya 1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara tisa, kwa hiyo ndani ya vyumba vya Ujiji utaweza kuiweka flashi mfukoni. Haivutiki, nayo hiyo ni faida, kwa sababu itabidi uamue kwa miguu yako usimame wapi. Kabla ya kulipa, imulike kwa tochi kutoka nyuma uangalie kama ina ukungu, yaani kuvu, ndani ya vioo. Hewa ya pwani ya ziwa huzalisha ukungu huo upesi lenzi zikifungiwa kabatini.

Kuhusu wateja wanaokuuliza aina ya kamera, usibishane nao. Hawajapewa kitu kingine cha kuuliza. Safisha albamu ndogo ya karatasi, picha kumi na mbili tu, ya kwanza ikiwa ile ya shangazi, umkabidhi mteja mkononi kabla hajaketi, kisha unyamaze aifungue.

Na hizo nyingine kumi na moja uzipate namna hii. Kwa mwezi mmoja, kila unapoalikwa kwenye shughuli, jitengee picha 36 zisizo za mteja, usizidishe hata moja, wala usizitazame mpaka umefika nyumbani. Kabla ya kuinua kamera, jisemee kimoyomoyo kwa sentensi moja ni nini hasa unachokiona: "mama anajizuia kulia," au "mtoto amesahaulika chini ya meza." Ukishindwa kuisema sentensi, usipige. Mwisho wa mwezi zichague, uzisafishe kwa ukubwa wa kadi ya posta, uje nazo hapa studio Jumapili baada ya adhuhuri, tuzitandaze sakafuni karibu na mlango, mahali penye mwanga mzuri, unisomee sentensi zake moja moja.